Bakuli la Mafuta

Jumatatu, 3 Machi 1913. Morogoro
Bado nasugua. Motokari ya Bwana, Mzungu ninayemtumikia, imelala bandani masika mawili. Vyuma vyake vyeupe, anavyoviita alumini, vimeota ungaunga. Ndimu, mchanga laini, jani la msasa, kitambaa. Kifuniko kimoja kutwa nzima. Kimeng'aa kweli. Sina wa kumwonyesha.

Jumanne, 4 Machi
Miezi mitatu sasa Mwajuma yuko kwao Mgeta, huko milimani. Mke wangu ana haki ya kununa: sikwenda kumzika mama yake. Bwana alininyima ruhusa, nami nikanywea. Sasa mjomba wake, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, ameagiza: Jumamosi nifike mwenyewe niombe radhi mbele ya ukoo, ama ndoa imekwisha. Barua hataki. Bwana amesema nikimaliza kazi Alhamisi, Ijumaa niende. Nikitoroka, viboko hamsa ishirini.

Jumatano, 5 Machi
Limebaki bakuli la mafuta, lile la chini ya mashine. Limeliwa vibaya. Kwa ndimu ni siku tatu, na mimi sina siku tatu. Nimekumbuka wapishi wanavyong'arisha sufuria za shaba. Nimechemsha magadi, nimelitumbukiza. Linatoa povu zuri. Naandika nikisubiri. Nitavaa kanzu nyeupe Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Bakuli lilitoka jeusi, lina matundu kama chujio. Magadi hayakifanyi kitu chuma wala shaba. Hii alumini yanaila. Mjinga mimi, nilidhani chuma ni chuma.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema, "Hutoki hapa mpaka lije jingine kutoka Ulaya." Hiyo ni miezi. Nikamwomba siku mbili tu, nikapiga magoti. Akaondoka zake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeitazama milima kutwa. Saa hizi wamekaa. Wananitaja. Namchukia Bwana, najichukia mimi zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Shemeji ameshuka kutoka Mgeta kuchukua vitu vya dada yake. Kijana mwenye adabu, ameniamkia shikamoo kama zamani. Nilimpikia uji, akanywa. Kinu, mchi, ungo, mkeka. Mzigo ulikuwa mzito, nikamsaidia kujitwika.