Nani Atakuwa Hannah?

Youngstown, Oktoba 9

Binti yangu Delphine,

Natumaini hujambo. Mimi mzima, ila goti linanisumbua baridi ikianza. Shangazi yako Bernice anakusalimu na anauliza kama unakula.

Hapa klabuni, sisi wastaafu wa kiwanda cha chuma hatuna habari nyingine ila igizo lenu la nyimbo, lile la wajane wa mgodini, litakalorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Nani atakuwa Hannah, mjane mkuu? Gazeti linamtaja Lorna Vance wa sinema. Mwenzetu Wladek anaapa ni mwimbaji fulani wa Nashville. Jana wakanigeukia: "Casimir, si binti yako anashona mavazi huko? Au anashona vifungo tu?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Nitajie jina, mwanangu, niwafunge midomo.

Baba yako

New York, Oktoba 20

Baba,

Shikamoo. Pole sana na goti. Mwambie Shangazi ninakula.

Nilitia sahihi kwamba sitasema, lakini jambo hili limenielemea. Ukishasoma, choma barua.

Hannah ni Verna Tillery. Najua humjui. Miaka kumi na tisa amekuwa mwimbaji wa akiba: nyota akiugua anaingia, nyota akipona anarudi nyuma ya pazia. Juzi nilimpima. Nilipofika kiunoni akasema, "Usibane, dada. Nikiimba napanuka." Nikadhani utani. Akaimba mstari mmoja, taratibu, mkono wangu ukiwa bado mgongoni mwake. Baba, nilihisi mbavu zikifunguka kama milango ya kanisa. Futi ya kupimia ikaniponyoka.

Waandaaji bado hawajamtangaza. Wanaogopa nchi nzima itauliza, "Huyo ndiye nani?"

Mwanao, Delphine

Youngstown, Novemba 3

Delphine mwanangu,

Hujambo? Goti limepoa. Barua yako niliitia jikoni ikaungua yote.

Wladek amesema hata mlango wa ukumbi huujui, nami nikanyamaza. Unajua kunyamaza kunavyonitesa. Lakini gazeti la leo linasema Lorna Vance ameitwa New York, na waandaaji wanatabasamu pichani. Verna je? Sijawahi hata kumwona uso, na bado chakula cha mchana kimenishinda. Nijibu upesi.

Baba yako

New York, Novemba 24

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Kwa wiki mbili hatukujua tunamshonea nani.

Lorna Vance alikuja kweli. Waandaaji wakamketisha safu ya tatu, wakamwomba Verna aimbe wimbo wa mazishi ili mgeni ausikie unavyokwenda. Waza, kumfundisha mtu anayekuja kuchukua nafasi yako! Verna alikuwa anajua. Akavua viatu, akaimba.

Mafundi wa taa waliacha kazi. Mpiga piano alikosea, wala hakuna aliyegeuka. Ulipokwisha, Lorna alipanda jukwaani. Mimi nilikuwa pembeni na pini mdomoni, nikasikia kila neno.

"Umejifunza wapi kupumua hivyo?"

"Nyuma ya pazia, bibie. Kule kuna nafasi ya kutosha."

Lorna akawageukia waandaaji. "Nitafutieni tiketi. Mimi nitakuja kumtazama huyu." Akavaa koti, akaenda zake.

Kesho wanamtangaza Verna. Jumapili ya tarehe saba, saa mbili usiku, utazame.

Mwanao, Delphine

Youngstown, Desemba 8

Delphine,

Hujambo, mwanangu. Leo salamu zitakuwa fupi.

Jana klabu ilijaa. Wladek alianza: "Verna nani? Tumenyimwa nyota!" Verna alipotokea na gauni jeusi la mjane, nikamwambia, "Tulia, huyo kashonewa na binti yangu."

Ukafika wimbo wa mazishi. Sijui nikuelezeje. Nimesimama miaka thelathini mbele ya tanuru, nikaona chuma kikimiminika kama maji, nikadhani nimekwisha kuona kila kikubwa. Mwanamke yule alifungua kinywa, na wanaume arobaini wakawa kama hawamo. Bia ilimwagika mezani, haikufutwa. Wladek, aliyempoteza kaka yake mgodini, akainuka bila kuambiwa. Kisha sote.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Tulibaki tumesimama mbele ya televisheni, kofia mikononi, kama watu wanaongoja yeye awaruhusu kukaa.

Baba yako