Utepe wa Mgeni Rasmi

Shangazi Anna, shikamoo. Huku Babati asubuhi kuna baridi ya kung'ata. Lile sweta ulilonilazimisha nibebe silivui, nakiri.

Jana ilikuwa Siku ya Mazingira. Nilikuwa nakunywa chai kwa Mama Pendo, mwenye kibanda pembeni ya uwanja hapa Maisaka. Mche uliopandwa na mgeni rasmi mwaka jana ulikauka ndani ya wiki mbili, Mama Pendo akapanda mparachichi wake kwenye shimo lilelile, akawa anaumwagilia maji ya kuoshea vikombe. Ulikuwa umeshamfika kiunoni. Basi wakaja watu wa maandalizi, wamevaa fulana za "Tunza Mti", wakaung'oa. "Mama, hili ni shimo la mgeni rasmi."

Mgeni akapanda mche wenye utepe mwekundu, akapigwa picha, tukapiga makofi. Mama Pendo akamuuliza ofisa mmoja nani atakuwa anaumwagilia. Yule akaitazama ratiba yake. "Hapa imeandikwa kupanda tu, mama. Siku ya Maji ilishapita, ilikuwa Machi."

Magari yalipoondoka, Mama Pendo akautoa mparachichi aliokuwa ameufunika kwa gunia bichi, akaupanda hatua mbili kando, akaufungia ule utepe. "Mwakani watajua ni wa mgeni rasmi. Nani atathubutu kuugusa?"

Nakuombea magoti yapate nafuu, shangazi. Na ule mpera wako unaopakana na ofisi ya kata, ufungie utepe mapema.

Mwanao, Eliya