Kuku wa Nekesa

Doha, Ijumaa

Kwako Mama Nekesa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na mama yangu pia, pamoja na mgongo wake. Mvua imefika Mautuma? Mmeshapalilia? Simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Nimeandika kwa mkono kama babu zetu, na huyu anayekuletea ni mwenzangu wa chumbani anayekuja likizo Lugari. Usimnyime chai, makosa si yake.

Mwili wangu ni mzima. Kazi ni ile ile ya jikoni, kukatakata kuku wa maboksi wanaokuja bila kichwa wala miguu. Wiki iliyopita Mganda mmoja tunayefanya naye kazi alikaanga firigisi, akaniletea kwenye sahani. "Wewe ndiye mzee wetu hapa," akasema, "hii ni yako." Sikuweza kuigusa. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia mbele ya watu, mimi niliyesimama kaburini kwa mwanangu macho makavu.

Hebu niiseme siku ile, maana hatujawahi kuisema. Siku ya tatu baada ya kumzika binti yetu, kaka yako alikuja kutupa pole. Kwetu mjomba haondoki bila kula kuku, hata nyumba ikiwa na msiba. Nikatoka uani. Kuku wote walikimbia isipokuwa yule tetea mwekundu, ambaye Nekesa alimwita Madam kwa sababu alitembea kama mwalimu wake wa darasa la pili. Alikuja mwenyewe mpaka miguuni, akidhani nimemletea ugali. Nilijua ni wa nani. Siwezi kukudanganya, nilijua. Nilitaka tu kumaliza haraka.

Jirani ndiye aliyepika. Wewe ulileta maji ya kunawa. Firigisi ikawekwa mbele yangu, mwenye nyumba, nikaila. Ulipokwenda kumwaga maji ukayaona manyoya nyuma ya jiko.

"Hiyo kuku mtoto alikuwa anapeanga ugali na mkono yake," ulisema.

Nikaona haya mbele ya kaka yako. Nikajibu, "Ni kuku tu, si mtu."

Hukupiga kelele. Ungepiga, ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo hukuniita tena Baba Nekesa, nikawa "wewe". Nami badala ya kukuomba msamaha nikatafuta kazi ya mbali, nikajidai naenda kuitafutia nyumba riziki. Uongo. Nilikuwa nayakimbia macho yako. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yamekuja, na mjukuu mwenyewe sitampata.

Kuna baya zaidi. Huku waliponiuliza nina watoto wangapi, nilisema sina. Mwaka na nusu nimesema sina. Siku ile juu ya gunia ndipo nilipolitaja jina lake kwa mara ya kwanza. Niliwaambia alikuwa na pengo la mbele, na kwamba alikuwa na kuku aitwaye Madam. Wakacheka. Nikacheka nao huku machozi yananitoka, na nilitamani sana ungekuwepo, kwa sababu wewe ungewaigizia jinsi yule kuku alivyotembea.

Mkataba wangu unaisha Agosti. Sitaulazimisha mlango wako. Ukisema nifikie kwa mama, nitafikia kwa mama.

Nisalimie mama, umwambie ile dawa ya kuchua nimeinunua. Nisalimie kaka yako, hana kosa lolote. Na jirani yetu aliyeshinda nawe jikoni wiki ile yote, wakati mimi nashinda barabarani, mwambie asante ambayo sikumwambia.

Najua mtu akitoka safari huchinjiwa. Mimi usinichinjie. Mboga zatosha. Ila ukiweza, uniite lile jina, hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi,
Baba Nekesa