Folda Iitwayo Sindano

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko. Hujambo? Kile kikohozi kilichokusumbua kimetulia? Huku tu wazima. Mama anaimba jikoni kila asubuhi, majirani wameshazijua nyimbo zake zote, na baba anaendelea kugombana na vitambaa vya makochi kama kawaida yake. Usishangae kupata karatasi badala ya barua pepe. Siku hizi barua pepe ya karakana haina siri, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Mwezi uliopita tulipata aibu. Daktari wa meno wa mtaa wa pili alituma oda ya viti sita vya wagonjwa wanaosubiri, kitambaa cha kijivu. Baadaye akaandika tena kwamba amebadili mawazo, anataka bluu. Barua ile ya pili baba aliisoma kwenye simu yake, akatikisa kichwa kukubali, basi. Kwenye kompyuta haikuonekana kabisa, nami nikakata kijivu. Daktari alipofuata viti vyake alivizunguka mara mbili, kisha akatuuliza kwa upole kama tunajua kusoma.

Nikamwita fundi kompyuta, yule mwenye kibanda karibu na kinyozi. Akaweka programu mpya ya barua pepe kwenye kompyuta, kwenye simu ya baba na kwenye simu yangu. Alitueleza kwamba sasa barua zote zinakaa mahali pamoja, na vifaa vyetu vitatu ni madirisha tu ya kuchungulia chumba kimoja. Ukihamishia barua kwenye folda hapa, imehama kote. Ukiifuta hapa, imefutika kote. Akapandisha hata barua za zamani zilizokuwa zimelala ndani ya kompyuta, zilizoingia na zilizotumwa. Nilimshukuru sana. Sikujua ninashukuru nini.

Siku ya tatu nikafungua kompyuta, nikakuta folda mpya chini ya ile ya oda. Inaitwa Sindano. Kaka, jina hilo hakuna anayekuita ila baba, tangu ulipokuwa mwembamba ukipenya nyuma ya makochi kuokota misumari. Ndani mlikuwa na barua zako zote, miaka mitatu nzima, tangu ulipoiacha karakana ukaenda kuendesha winchi ya kunyanyulia mizigo, na baba akasema hataki kusikia habari zako. Kila nilipomwambia umeandika, alinijibu kwamba hana muda wa kusoma. Kumbe amezikusanya moja moja kwenye simu yake, akazipanga, wala hajui kwamba na mimi ninaziona.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Kisha kicheko kikanikauka. Kama mimi ninaona vyake, basi na yeye anaona vyangu.

Hapa, kaka, tafuta kiti ukae. Zile barua tisa ulizopokea kutoka kwa baba, zile za "mwanangu, moyo wangu u radhi nawe", si zake. Niliziandika mimi. Barua yako ya kwanza ilikaa wiki mbili bila jibu, nikaona haya kwa niaba yake, nikakujibu kwa jina lake. Wewe ukafurahi mno, nami nikashindwa kuacha. Na sasa zote tisa zilikuwa kwenye simu ya baba, kwenye zilizotumwa.

Baba alikuwa ameshazisoma. Alisubiri mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka. Hakupaza sauti. Aliweka stepla chini akasema, "Umenifanya mpole sana. Huyo mzee ningependa kukutana naye."

Nikamwomba radhi, nikamwahidi kwamba nitakueleza ukweli. Akawa anabandua nyuzi kwenye shati lake. Halafu akaniambia nisogee. Akakaa mbele ya kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja mpaka mama alipotuita kula, akifuta zaidi ya alivyoandika, wala hakuniruhusu kukaribia.

Ndiyo ile barua ya kumi, iliyokufikia Jumanne. Umenitumia ujumbe ukiuliza kama baba anaumwa au amekasirika, maana imekuwa kavu, haina hata salamu: "Meza yako ya kukatia bado ipo. Miguu nimeikaza. Uje uione." Haumwi, kaka, wala hajakasirika. Hiyo ndiyo barua yake ya kwanza kwako.

Nisamehe zile tisa. Ukitaka kuzifuta, zifute, sitanung'unika. Ila hii ya kumi usiijibu kupitia kwangu. Mjibu mwenyewe, hata kwa maneno matatu. Tangu Jumanne simu yake haiingii mfukoni; anailaza juu ya meza kando ya mkasi, kioo juu, na kila ikilia anaidaka kabla sijaigusa.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri. Nisalimie wenzako wa kazini, na ujitunze huko juu kwenye winchi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
niliyekuwa baba yako mara tisa.