Injini ya Kambo

Msimbu, Kisarawe
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Salehe,

Assalaam alaykum. Habari za Sumbawanga na baridi yake? Sada na mtoto hawajambo? Sisi tunapumua kwa rehema za Mungu na mihogo imekubali, ila moyo wangu umechafuka na leo sitakuficha.

Ile injini ya Boon uliyotutumia tuiweke kwenye Passo ya marehemu baba ilifika salama. Fundi Ponsiano aliifuta vumbi, akaridhika. Alisema Boon na Passo ni mtu na dada yake, zimetoka kampuni mbili zilizo ndugu. Majina tofauti, injini ile ile. Nilifurahi mno, maana tangu gari life, shangazi Sikuzani alikuwa akipelekwa Kibaha kusafishwa kidonda cha mguu kwa bodaboda, na mara nyingi alikataa kwenda kwa maumivu.

Kaka Abdala akaja, akauliza imetoka wapi. Kusikia jina lako tu, uso ukamkunjamana. Akasema gari la baba haliwekwi injini ya kambo. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliyetuzaa sisi ndiye aliyekuzaa wewe, na neno hilo hakuliruhusu nyumbani mwake hata siku moja. Mtu mzima, swala tano hazimpiti, anatapika uchafu huo mbele ya fundi.

Injini ikabaki uani, kuku wakailalia. Nilipokwenda Kibuta kwenye arobaini ya mama mkwe, huku nyuma Abdala akaibadilisha kwa mabati ya banda la mbuzi. Aliyeichukua ni Hashiru, yule wa gari la kukodi, ambaye Passo yake nayo ilikuwa imekufa. Kila nikiyaona yale mabati natema mate.

Juma lililopita shangazi akazidiwa, tukamkodi Hashiru. Abdala akakaa mbele. Tulipovuka matope bila shida akaanza kusifu, kama amesahau kabisa yale mabati.

"Hii ndiyo Passo yenyewe. Sikiliza injini ilivyotulia."

Hashiru, asiyejua lolote la ugomvi wetu, akacheka. "Si ile yako, bwana Abdala? Ile ya mabati."

Shangazi alikuwa amelala mapajani mwangu. Akafumbua macho, akasema, "Kumbe tunabebwa na Salehe." Abdala akageukia dirishani.

Shangazi amekatwa mguu chini ya goti. Daktari alisema kidonda kilikosa kusafishwa muda mrefu mno. Abdala anawaambia watu ni kudra ya Mungu. Ananitia kinyaa, Salehe, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi na yeye ndio tulionyonya ziwa moja.

Msalimie Sada, mbusu mwanao Matano. Shangazi anauliza utakuja lini, anataka akupokee kwa kusimama, hata kama ni kwa magongo. Ukija, fikia kwangu. Mungu akulinde na akuzidishie heri.

Dada yako akupendaye,
Hajira