Alama Kitakoni mwa Jiwe

Tyseley, Birmingham
Jumanne, 4 Machi 2025

Ndugu yangu Ronny,

Jana, Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilipoteza alama yangu. Salamu ninazo, na mimi ni mzima, kifua tu na vumbi lake. Lakini leo hilo ndilo lililotangulia.

Tulikuwa uwanjani, mimi na Raj, yule msimamizi wa ukarabati wa mnara wa chemchemi. Tuligeuza jiwe la kilele tupime tundu la chuma cha kulishikilia. Unajua desturi ya waashi wa huku: mchongaji huweka alama yake kitakoni mwa jiwe, mahali chokaa itakapofunika, asiione mtu ila atakayelifungua baada ya miaka mia. Yangu ni mistari mitatu na nukta. Sikuikuta. Pamekwanguliwa kina cha milimita mbili, na hapo pamechongwa R. Raj akanipiga bega: "Ndugu yako ana mkono, Bethuel! Wewe ndiye ulimfundisha?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini mbele ya watu saba?

Majani sitini na moja nilichonga kwenye jiwe lile, Ronny. Saa mia mbili na kumi na mbili. Na kabla ya hapo miaka minne nikifagia vumbi la waashi wengine, ndipo nikashikishwa patasi. Mnara ule wa mtindo wa Kigothi una karibu miaka mia na hamsini, na katika mawe yake yote moja tu limechongwa na mtu wa kwetu Tabaka.

Simu hupokei, ndiyo maana nasukuma karatasi chini ya mlango wako. Niambie ilikuwaje.

Kaka yako,
Bethuel


Balsall Heath
Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka Bethuel,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Chemsha tangawizi, usipuuze. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio hakuna.

Sikupanga. Wiki ile ulipolala mgonjwa, Raj alikuja yadini kwako akanikuta nikilipiga jiwe brashi. Akauliza, "Hili ni lako?" Nikanyamaza. Akazunguka, akapiga mluzi, akasema wananichukua nikachonge vile vilele vitatu vilivyobaki, na kampuni yao itanishughulikia viza. Viza yangu inaisha Agosti, kaka. Wewe una yadi na jina lako liko mlangoni. Mimi nina nini? Alipoondoka nikakumbuka alama iko chini. Nikachukua grainda.

Na tuambiane ukweli. Nyumbani nani aliwahi kutia jina? Baba alichonga, Mama akasugua kwa msasa na maji mpaka vidole vikatoka damu, wewe ukabeba sokoni ukapigwa picha na wazungu, "fundi mdogo, fundi mdogo!" Mama hakulalamika. Jiwe lilikuwa la nyumba nzima. Hili kwa nini liwe lako peke yako?

Tusamehane. Njoo Jumapili nitapika.

Kitinda mimba wenu,
Ronny


Tyseley
Jumatatu, 17 Machi 2025

Ronny,

Natumaini umelala. Kifua bado, na tangawizi yako kaa nayo.

Umechukua siku kumi na mbili kuandika, na neno "nilikosa" halimo. Tusamehane, unasema. Wewe unanisamehe nini?

Hapo kwa Mama ulinipata, sikatai. Kwa hiyo nilimpigia. Akacheka: "Ulijisifu kweli, ukiwa na miaka kumi na minne. Huyo sasa ana mingapi?" Nikasema thelathini na mmoja. Akasema, "Basi mwambie aniambie mwenyewe alichofanya." Umempigia?

Ungenieleza habari ya viza, ningemwendea Raj kwa miguu yangu niseme mchukue huyu, nitamsimamia. Umeiba kitu ambacho ungepewa. Na umekiiba vibaya. Jani moja linakuchukua siku mbili na ncha inavunjika. Vilele vitatu ni majani mia na themanini na matatu. Raj atakaposimama nyuma yako akuangalie mkono, utafanyaje? Utaugua kifua?

Leo ameniuliza kama yadi yangu inaweza kukukorogea chokaa. Mimi, nikukorogee wewe.

Sasa sikiliza. Alhamisi saa moja asubuhi kreni inainua jiwe. Likishakaa kwenye chokaa, hakuna atakayeligeuza sisi tukiwa hai. Kuitoa R na kurudisha alama yangu ni kazi ya dakika arobaini. Raj nimemwomba apite yadi Jumatano, na sababu sijamwambia. Nataka aisikie kwako, na ukisema kweli nitakuombea kazi hapo hapo, mbele yako.

Njoo, au tuma karatasi. Usiniandikie habari za Baba, za soko, wala za Agosti. Jibu swali moja kwa jina moja, kabla ya Jumatano saa kumi na moja jioni: jiwe hili limechongwa na nani?

Kifungua mimba wa Mama,
Bethuel