Jina la Baba Bila Wino

Kwa Daudi, siku ya Jumanne

Mama bado hajasema kama ameridhika.

Ni kadi ya harusi ya mdogo wangu. Upande wa bwana harusi wamekataa neno "marehemu", eti linaleta msiba kwenye sherehe. Basi jina la baba nimeliweka kwa vanishi tupu, ile ya kung'arisha isiyo na rangi, bila wino. Ukiinamisha kadi kwenye mwanga litang'aa, ukiinyoosha litapotea, kama ukungu wa huku jua likipanda.

Kwenye faili, sehemu ya vanishi hupakwa nyeusi ili mchapaji ajue pa kuipaka. Mama akaiona kwenye kompyuta.

"Mbona umempaka baba yako weusi?"

"Hapo ndipo patakapong'aa, mama."

Akaligusa jina kwa kidole.

Naogopa wachapaji wa Arusha watadhani nimekosea. Nimewaandikia: msilifute, huyo ni baba wa bibi harusi.